Sinia la Mchezaji wa Tano

Dada, wametimia watano tena. Timu ya mwanangu imepata mtu wa tano, aliyemleta ni mimi, na sasa kuna sinia linakungoja wewe ulibebe. Tulia, nitakueleza.

Assalaam alaykum. Goti limepoa? Na yule fundi wa paa, alirudi kumaliza au bado mnakinga maji kwa ndoo? Sisi huku Lamu wazima, Alhamdulillahi. Naandika kwa sababu kwenye simu hunikatiza kwa kicheko, na hili nataka ulisome mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyonisema kwamba Athmani wangu kutwa yuko barazani na simu? Basi wale waliokuwa wakikaa barazani kwangu hapa Langoni ndio timu, Langoni Tano, na pwani nzima sasa yawajua. Nahodha ni mwanangu. Sijui nilimzaaje. Mchezo ni wa kwenye simu, watano kwa watano, kila upande una ngome yake na unataka kuivunja ya wenzao. Mimi nilikuwa naketi nyuma yao nauliza tu. Huyu mwenye mkuki ni nani? Mbona kafa, kisha yule pale?

"Mama, hungoja kidogo halafu hufufuka."

Nikamwambia astaghfirullah, tafuta neno jingine. Siku hizi wanasema hurudi.

Wale wa mwanzo wote wameondoka ila yeye. Mmoja alipata kazi bandarini, mmoja akaenda chuo Nairobi, mmoja alioa na mkewe akamwambia achague. Alichagua vizuri, lakini timu ikapungua. Kila akiondoka mtu Athmani hutafuta mwingine, nami humkaribisha mgeni kwa mahamri yangu. Mwezi uliopita mlinda ngome wao akahamia Mombasa na wazazi wake, wakabaki wanne, na mashindano ya pwani mwaka huu ni hapa hapa Lamu. Timu isiyotimia watano kufikia Jumamosi ilikuwa inafutwa. Mwanangu hata wali hakuula.

Waliyemtaka ni Shee, kijana wa Kipungani asiye na timu. Lakini babake, Bwana Kombo, hataki vijana wa mjini asiowajua. Alisema, "Anayemtaka mwanangu aje kwangu na wazee wake."

Nikasema, hilo tu? Mtoto wa watu huombwa. Nikapanga sinia: haluwa, udi, leso mpya ya mamake, asumini juu. Nikamchukua wifi yangu Mwanaisha, tukapanda boti.

Sinia hilo, dada, ndilo lililoniponza. Hatujafika mlangoni, wanawake waliokuwa wakisuka mikeka wamekwisha kuliona, vigelegele vikapanda. Mama Shee akanishika mkono, "Ndooni, ndooni ndani." Wifi akaninong'oneza, "Hawa wana binti."

Buibui lilinibana. Nikinyamaza, nimemposea mwanangu mke bila mwenyewe kujua. Nikisema, nimemwaibisha binti wa watu mbele ya majirani, na Shee hatumpati tena.

Nikasema. "Nisameheni. Tumemfuata Shee, wa timu."

Vigelegele vikakatika. Bwana Kombo akalitazama sinia, akanitazama mimi. "Udi wote huu, kwa mtoto mwanamume?"

Ndipo binti akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Alhamdulillahi. Huyo nahodha wao mimi humtazama akicheza, kwenye simu ya Shee. Akizidiwa hukimbia akawaacha wenzake. Mume gani huyo?"

Wanawake walicheka mpaka ukili wa mikeka ukawaponyoka. Bwana Kombo naye akashindwa kujizuia. Akasema Shee mchukueni, mradi akicheza usiku awe amesali isha kwanza, na sinia liacheni. Nikaliacha.

Nilimweleza Athmani nikidhani atakasirika.

"Kasema hivyo hasa?"

"Hivyo hasa."

"Jina lake nani?"

Rukia. Tangu hapo namtazama, dada. Wenzake wakizidiwa hakimbii tena, hurudi kuwasaidia, hata akifa yeye. Shee humpelekea dadake habari, na dadake humrudisha na makosa mapya aliyoyaona kwa nahodha. Juzi mwanangu kaniuliza, hali anatazama ukutani, kama sinia jingine lapatikana.

Nikamtuma wifi akaulize kimyakimya. Jibu la Rukia: "Waje. Lakini kwanza nimwone siku ya mashindano, mbele ya watu, kama atamwacha ndugu yangu."

Kwa hiyo mwanangu ana mambo mawili ya kushinda, na usingizi hana. Nina hakika atashinda yote, ni wangu huyo. Ila sinia la posa kwetu hubebwa na mama mkubwa, na mimi moja nimeshalikosea.

Nisalimie shemeji, mwambie kofia yake iko tayari. Nisalimie shangazi, na yule mkweo mpole, na wajukuu wote, pamoja na yule anayeng'ata. Waje pia.

Ni mimi mdogo wako, mama wa nahodha.

Mashindano ni Alhamisi ya pili ya Mfungo Mosi, Idi ikishapita, baada ya alasiri. Sinia, Mungu akijaalia, ni kesho yake, tukishatoka msikitini. Tunawangoja nyote Alhamisi.