Umri wa Zeyana

Jumapili, 7 Septemba

Koni mbili zimepotea tena. Nimewahesabu wasichana kwanza, kisha koni, kisha chupa za maji. Joto bado halijavunjika. Tumeanza saa kumi na moja na nusu jioni na nyasi za bandia zilikuwa zinaunguza hata ukivaa viatu. Uwanja wa Al Khoudh ni wetu mpaka Magharibi. Baada ya hapo wanafunzi wa chuo kikuu wanajipanga pembeni na kututolea macho ili tuondoke.

Mkanada anafika Alhamisi. Nafasi ni moja. Kwao kuna shule ya bweni yenye akademia ya mpira, na wanataka msichana mmoja kutoka nchi za huku. Masomo, chakula, malazi, vyote juu yao. Sharti lao: awe hajatimiza miaka kumi na tano ifikapo mwezi mosi Januari. Mimi ndiye jicho lao hapa Maskati. Kazi yangu ni kuwaonyesha nani anajua mpira, kisha kuwahakikishia kwamba ni mtoto kweli.

Nani anajua mpira, hilo halina kazi. Ni Zeyana. Hilo la pili ndilo linaloniumiza kichwa.

Jumanne, 9 Septemba

Zeyana anacheza kiungo. Leo kapokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, akageuka nao bila kutazama, kwa sababu alikwisha kutazama kabla. Watoto hawatazami kabla. Watoto wanaufuata mpira kama kuku wanavyofuata mchele. Nimefundisha michezo shuleni miaka ishirini na nane, najua mtoto anavyokimbia.

Nimemtazama viganja. Nimemtazama meno alipocheka. Mabega mapana. Wenzake wanahema, yeye hahemi.

Sina raha.

Miaka mitatu nyuma nilimdhamini msichana mwengine. Nilimpenda, nikaandika kwamba namjua. Alipofika kule ikabainika amepunguziwa miaka miwili. Wakamrudisha. Barua waliyoniandikia ilikuwa ya adabu sana, na adabu yenyewe ndiyo iliyoniuma. Tangu siku ile mtu akiniambia kumi na nne, mimi nasikia kumi na sita.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkanada ni kijana, nyusi nyeupe, kajipaka krimu ya jua mpaka ndani ya masikio. Alikaa na daftari dakika kumi, akalifunga. Baada ya hapo alimtazama Zeyana tu. Zeyana kafunga mabao mawili, na la tatu akampa mwenzake aliyekuwa hajafunga tangu asubuhi ya kuzaliwa kwake.

Mwisho Mkanada akaniambia hana haja ya kuwaona wengine. Mambo ya karatasi ni juu yangu, akasema. Neno langu linawatosha.

Neno langu. Nikatabasamu kama mjinga.

Ijumaa, 12 Septemba

Samaki ameungua. Nilikuwa nafikiria mabega ya yule mtoto. Kama ni mtoto.

Jumapili, 14 Septemba

Maryam, mama yake Zeyana, kaniletea pasipoti mwenyewe uwanjani. Kazaliwa Unguja, tarehe kumi na tano Februari. Kwa hesabu hiyo mwezi mosi Januari atakuwa na miaka kumi na nne na miezi kumi na kitu. Anapita kwa wiki sita. Anayetaka kupenya mlango hajiachii nafasi kubwa, anajibana hapo hapo kwenye kizingiti.

Cheti cha kuzaliwa kimetolewa akiwa na miaka mitatu. Nikauliza kwa nini. Maryam akasema ile ilikuwa mimba yake ya kwanza, akaenda kuzaa kwa mama yake kama ilivyo ada, kisha akamwacha mtoto kwa bibi ili yeye arudi huku kumaliza chuo. Karatasi walizishughulikia walipotaka kumleta. Aliyasema yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyekwisha kuyasema kwingine.

Nikamwambia hamna neno. Nilipofika nyumbani nikaandika: miaka mitatu bila cheti.

Jumatano, 17 Septemba

Zeyana yuko darasa moja mbele ya rika lake. Wanasema aliruka darasa. Naona kila mtu karuka darasa mwaka huu.

Leo nimemuuliza umri kwa ghafla, ameinama anafunga kamba za viatu. Akamtazama mama yake aliye kwenye gari, ndipo akajibu. Kumi na nne, Abla. Wote wananiita Abla, mwalimu wa kike, kama nilivyoitwa shuleni. Sauti yake haikutetemeka. Waongo wazuri hawatetemeki.

Hili linalofuata naona haya kuliandika. Prossy, Mganda anayefanya kazi nyumbani kwao, alikuja kumchukulia begi. Nikamwita pembeni, kati ya magari, nikamuuliza kama msichana yule si mkubwa kuliko wanavyosema.

"Madam, mimi sijui mambo ya miaka," akasema. "Mimi nilikuja mwaka jana tu. Lakini viatu vyake na vyangu ni saizi moja."

Nikamuuliza saizi gani, nikaandika: saizi arubaini.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda kwao Ansab baada ya alasiri. Kisingizio, fomu ya afya. Maryam alikuwa jikoni na Prossy, nikabaki sebuleni na Bi Thuwaiba, mama yake Maryam, aliyehamia huku kutoka Unguja miaka minne sasa. Kahawa, tende, halua. Mzee mchangamfu. Nikamsifia mjukuu wake, na katikati ya sifa nikaliingiza swali, taratibu, kama daktari anayemzungumzisha mtoto huku sindano iko nyuma ya mgongo.

"Zeyana? Keshatimiza khamsatashar, Maulidi haya yalopita," akasema. "Mie ndo nlompakata mwanzo, hata mamake hajamuona."

Kumi na tano. Keshatimiza. Maulidi yamepita wiki mbili tu. Bibi hajui kama kuna sharti, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Wamesahau kumfunza.

Nikamaliza kahawa yangu kwa utulivu. Nilifurahi. Niliandike hilo pia. Nilifurahi kwamba nimewashika.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimewaandikia Kanada. Sentensi mbili. Nimefanya uchunguzi kwa watu wa nyumbani. Siwezi kuuthibitisha umri wa msichana huyu.

Nimeituma kabla ya kifungua kinywa, nisije nikailainisha.

Jumatatu, 22 Septemba

Wamejibu. Wananishukuru kwa uaminifu wangu. Nafasi wamempa msichana wa nchi nyingine aliyekuwa wa pili kwenye orodha yao.

Nimempigia Maryam. Nikamwambia hawakumchukua, wenye vipaji walikuwa wengi. Akanishukuru kwa taabu niliyoipata. Ananishukuru kwa lipi? Nadhani anajua kwamba nimejua.

Jumanne, 30 Septemba

Wiki hii Zeyana anakuja nusu saa kabla ya wenzake. Anaupiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto tu. Mara mia, mara mia mbili. Nikamuuliza ana nini. Kasema, Abla, huenda Mkanada aliona kushoto kwangu ni kuzito.

Nikajifanya natafuta filimbi.

Wakati wa kuondoka kanipa mwaliko kutoka kwa mama yake. Alhamisi wanamkatia keki mdogo wake, Asma. Nimekubali. Nataka kuona watu kama wale wanavyokula keki.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Keki ya rangi ya waridi, mishumaa kumi. Watoto wa jirani, kelele, sambusa. Maryam kanipokea kwa mikono miwili. Ukutani ipo picha ya Asma siku aliyozaliwa, hospitali ya hapa hapa Maskati, na kibandiko cha mkononi mwake kina tarehe: mbili Oktoba. Hata mimi sikupata pa kutilia shaka.

Bi Thuwaiba alikaa karibu nami. Mishumaa ilipozimwa akaninong'oneza kwamba keki imechelewa. "Kumi katimiza zamani huyu, wiki moja baada ya Idi Kubwa. Kila mwaka nawambia, hawanisikii."

Nikacheka. Idi Kubwa ilikuwa Juni. Nikamwambia, Bi Thuwaiba, Asma ni wa Oktoba, tarehe ile pale ukutani.

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau alifu. "Kazaliwa wiki moja baada ya Idi Kubwa, mwanangu. Mie nahisabu Idi zake. Hizo Oktoba zenu kaeni nazo wenyewe."

Nilikuwa na kipande cha keki mkononi. Sikukila. Kila mwaka Idi inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja. Kwa miaka kumi, miezi mitatu na nusu. Ndiyo hiyo Juni mpaka Oktoba. Na kwa miaka kumi na tano?

Sikungoja kuaga vizuri. Nikasema kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Maulidi ya mwaka huu yalikuwa mwanzo wa Septemba. Nikayarudisha nyuma, mara kumi na tano. Yanaangukia katikati ya Februari. Tarehe kumi na tano. Ile ile ya pasipoti.

Bibi na pasipoti wamesema kitu kimoja. Miaka kumi na tano kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kumi na nne na nusu kwa kalenda ya ukutani. Hakuna aliyedanganya.

Mimi natoa zaka kwa mwezi. Nafunga kwa mwezi. Nilikaa eda kwa mwezi, nikihesabu siku moja moja. Nikilipwa mshahara, nalipwa kwa kalenda ya ukutani. Maisha yangu yote nimeishi na hesabu mbili bila kuchanganyikiwa, na siku niliyotaka kumtia mtu hatiani nikaikumbuka moja tu.

Darasa aliloruka, aliruka kweli. Miguu yake ni mikubwa, basi. Alimtazama mama yake kwa sababu kafunzwa kutojibia mambo yake mbele ya wakubwa. Na Maryam alisema haraka kwa sababu nilimuuliza kama askari wa uhamiaji.

Nimewaandikia tena Kanada. Ukurasa mzima. Nimewaeleza mwezi, Maulidi, Idi, keki. Nimeandika: kosa ni langu, mtoto ni safi.

Jumanne, 7 Oktoba

Wamejibu kwa adabu ile ile.

Wanasikitika. Nafasi imejaa, karatasi za yule mwengine zimekwisha kutiwa saini. Mwakani Zeyana atakuwa amepita umri. Maelezo yangu mapya watayaambatisha, lakini ile alama ya shaka itabaki kwenye faili lake, kwa kuwa iliwekwa na mtu wao wanayemwamini.

Nimeisoma mara nne hiyo sehemu ya mwisho. Najichukia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda Ansab. Njia nzima nilikuwa natayarisha utetezi. Nilipokaa sikuutumia.

Nimewaambia wote watatu, Maryam, Bi Thuwaiba na Zeyana. Kwamba alichaguliwa. Kwamba alichaguliwa peke yake. Kwamba mimi ndiye niliyeandika neno, na nililiandika kwa sababu ipi.

Bi Thuwaiba alielewa wa kwanza. Akauweka uso ndani ya leso. "Kumbe mie ndo nlomponza," akasema. Nikamwambia hapana, wewe ulisema kweli, mimi ndiye niliyesikia ninachotaka. Hakuniamini. Alikuwa anarudia, mie na mdomo wangu, mie na mdomo wangu. Hili sikulitegemea. Nilikuja kubeba kosa langu na nikamwachia yeye.

Maryam hakupaza sauti. "Nlikwambia mwenyewe, pale uwanjani, kila kitu," akasema. "Ukaniambia hamna neno. Halafu ukenda kumuuliza mpaka mfanyakazi wangu." Kwa hiyo Prossy alimweleza. Alijua tangu siku ile, na bado kanialika kula keki, kanipokea kwa mikono miwili.

Zeyana alitazama zulia muda wote.

Hakuna aliyenisindikiza. Mlango kanifungulia Prossy, kautazama ukuta nilipopita.

Jumapili, 19 Oktoba

Hewa imepoa kidogo. Upepo upo.

Kazi ya Kanada nimeiacha, niliwaandikia jana. Mistari mitatu, bila maelezo. Mazoezi ya wasichana naendelea nayo, maadamu wazazi bado wanawaleta. Wawili hawakuja wiki nzima. Sikuwapigia simu wazazi wao.

Sikumtegemea Zeyana, lakini kaja. Maryam alibaki ndani ya gari, vioo juu. Nikampanga katikati, mahali pake. Kacheza kama anavyocheza. Sikumwita wala sikumrekebisha kitu, na wenzake nahisi wameona.

Tulipomaliza alikawia kukusanya vitu vyake. Wengine wakaondoka. Akaja akasimama mbele yangu, begi begani, hanitazami machoni.

"Abla, kwa hivyo siku ile nilicheza vizuri?"

Nikamwambia, vizuri kuliko msichana yeyote niliyewahi kumfundisha.

Akasema ahsante. Akavua viatu, akavikung'uta, akaenda kwenye gari na soksi.