Baiskeli ya Bakari Inarudi Peke Yake

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Najua umeniamkia, hata kama kutoka Kigombe mpaka huku Bagamoyo sauti haifiki. Mie mzima, miguu tu ndiyo inayonisema kila nikiinuka. Weye je, unakula? Usinijibu kwamba unakula kidogo. Kidogo ni cha kuku. Kaka yako Athumani akusimamie mpaka sahani ibaki nyeupe.

Anayeniandikia ni jirani yangu Mwanaidi, fundi cherehani, maana mie kalamu naishika kama jembe. Nasema, anaandika. Mdomo wake nauamini.

Sasa kama umesimama, kaa kitako. Bakari yu hai.

Soma hapo tena. Mumeo, yule ninayemwita mume wetu tangu siku ya harusi yenu, hakuchukuliwa na mamba. Nimemwona, na wali wangu ameula. Lakini usipige kigelegele, mama, sikuandikii kwa furaha.

Unajua walivyopanga. Yeye na wenzake wawili waje kwa baiskeli toka huko, wapite Pangani, Mkwaja na Saadani, mpaka huku kwenye ziara ya kaburi la shehe, atimize nadhiri aliyoiweka wakati mwanenu Rukia alipokuwa mahututi. Mabegi waliyatanguliza kwa basi, wapande wepesi. Mie niliyapokea, nikayalaza juu ya kitanda changu mchwa wasiyaone, nikalala chini mkekani. Walipofika wale wawili tu, na kofia ya Bakari waliyoiokota ukingoni mwa mto Wami, tulilia mpaka majirani wakatoka. Wakachukua mabegi yao, wakarudi kukuleteeni msiba. La Bakari likabaki. Watu wakaniambia, lifungue Bibi, mwenyewe keshakufa. Nikasema amana haifunguliwi kwa maneno ya watu. Nikaendelea kulala nalo chumba kimoja.

Juzi nakuna nazi uani, nikasikia hodi. Sauti niliijua, na sikuitika karibu. Nikasema, "Kama u pepo, pita zako, nina kazi."

"Si pepo, Bibi. Ni Bakari."

"Bakari keshasomewa hitima."

"Najua," akasema. "Nimesikia."

Alikuwa ameshika baiskeli. Amekonda, visigino vimepasuka kwa chumvi. Kumbe pale mtoni aliwaambia wenzake watangulie, anaziba pancha. Akateremka kutawadha, akavua kofia, akaisahau. Na alipopanda tena baiskeli, anasema, mikono yenyewe ikageuza usukani. Akarudi Saadani, akaomba kazi ya kukokota chumvi. Siku moja anakula muhogo na vibarua, mmoja anasimulia habari ya mtu wa Kigombe aliyeliwa na mamba. Akauliza, nani huyo? Akatajiwa jina lake mwenyewe.

"Ukafanyaje?" nikamwuliza.

"Nikamaliza muhogo, Bibi. Nikaona nimepumzika."

Zuhura, nilitaka kumpiga na kile kifuu. Lakini nilimpakulia kwanza, mtu hapigwi akiwa na njaa. Akala kama anayemeza dawa. Kisha akanambia analotaka: nimpe begi, nimwekee baiskeli, na weye nisikwambie kitu.

"Begi ni lako, chukua," nikasema. "Baiskeli siweki, nyumba yangu si stoo ya watu waliojifisha. Na hilo la tatu sikulisikia, masikio yangu mabovu."

Ndipo aliposema. Rukia alipoinuka kitandani, akacheza uani, Bakari alipaswa kuondoka palepale na nadhiri yake. Akasema ngoja kwanza tuangue nazi. Nazi hazijesha kufuliwa, mtoto akarudi kitandani, na safari hii hakuinuka.

"Nilimngojesha Mungu kwa ajili ya nazi, Bibi. Nadhiri ya mtoto aliye kaburini naifikishaje? Na Zuhura nikimtazama naona ananiuliza mtoto yuko wapi."

Nikamwambia, mtoto wetu alikuwa na maradhi ya damu tangu tumboni, daktari alitueleza sote tukiwa tumekaa benchi moja. Mungu haui mtoto amkomoe baba kwa nazi. Huyo unayemsema wewe si Mungu, ni jirani mwenye kinyongo. Akainamisha kichwa. Hakulia. Heri angelia, ningejua pa kumshika.

Alibeba begi, baiskeli akaiacha palepale uani, akaenda kusini, kwenye mikorosho. Wapi, hakunitajia. Nilimfuata mpaka njia panda nikimtukana, watu wananitazama. Nikachoka kabla yake.

Baiskeli nimeipeleka stendi mwenyewe, na barua hii nampa kondakta kabla basi halijaondoka. Makuli wakafungua usukani, wakafungua pedeli, wakatoa tairi la mbele. Wakafika kwenye kile kiti kidogo cha mtoto, cha pale mbele. Kumbe alikuja nacho njia yote hiyo.

"Bibi, na hiki tukitoe, kinakwama."

"Hicho kiache."

"Kwani kina nini?"

"Kina mwenyewe."

Wakailaza juu ya magunia polepole, kama wameelewa. Barua kondakta ataituma Kigombe kwanza, baiskeli itabaki stendi Tanga mjini mpaka Athumani aifuate.

Simu nilipiga. Kila mara anapokea mama mkwe wako, analia kabla sijamsalimu. Ana presha yule. Nikimwambia mwanao yu hai, na mie niko huku, nani atamdaka? Mwambie weye, akiwa amekaa, na mtu nyuma yake.

Kisha ukaoge. Nguo za eda uzivue, si zako hizo, weye si mjane. Vaa kanga ya rangi, paka wanja, toka kwa mlango wa mbele, na atakayekutazama vibaya mwambie bibi yangu kaniamuru. Ukitaka kumngoja, mngoje umevaa rangi. Ukichoka, nenda kwa kadhi ukamweleze yote. Mie mke mkubwa nakupa ruhusa ya yote mawili. Yeye mwenyewe sikuweza kumfunga kamba nikamrudisha na mzigo; ningeweza, angekuwa juu ya magunia sasa hivi.

Nisalimie kaka yako Athumani, na mama yako mdogo aliyekulea, na shemeji zako wale wawili waliorudi na kofia. Waambie hawakusema uongo, walisema walichokiona. Mama mkwe wako mbusu mkono kwa niaba yangu.

Hiki hapa chini ni kidole changu gumba, Mwanaidi kanipaka wino. Ni mie bibi yako, niliyekubeba mgongoni, na mgongo bado upo.

Baiskeli ikifika, spana isishikwe na mtu mwingine kwenye kile kiti. Ukikitoa, kitoe weye. Ukikiacha, kikae.