Hajaanguka

Jumatatu, 3 Machi

Chiriku kanitoa roho sasa hivi. Alikuwa anapanga vifuniko vya chupa sakafuni, mdomo haufungi kama kawaida. Si bure baba yake kumpa jina hilo, miaka mitatu tu na anaongea kama baraza zima. Ghafla, kimya. Macho kayatoa ukutani. Akaanza kutafuna, na mdomoni hamna kitu. Vidole vinachuna pindo la gauni, vinachuna, vinachuna. Nikaangusha mwiko. Nikamwita, nikamtikisa. Nikamtekenya kwapani na akaangua kicheko! "Nimekuwa Bibi!"

Nikakaa chini. Nikacheka, halafu machozi kidogo. Kamwigiza mama mkwe wangu barabara. Hata mimi sijawahi kumtazama Mama vizuri hivyo.

Mama yuko nasi tangu kiharusi kimpige mwaka juzi. Mkono wa kulia mzito, maneno yanatoka polepole, ila akili wembe. Anakaa kwenye kiti chake dirishani, anachambua maharage kwa mkono mmoja na kunichambua mimi kwa mdomo. Hilo haliniumizi, nimelizoea. Kinachoniumiza ni kile kimya chake. Naongea naye, katikati ya neno ananikatia. Ananitazama kama mimi ni ukuta. Anatafuna, anachuna nguo. Akirudi, anaendelea na yake kama mimi sikusema kitu. Hata "enhe?" hamna. Naumia. Humu sifichi.

Jumatano, 5 Machi

Wifi kaja. Huyu ndiye dada mkubwa wa mume wangu, kicheko mbele, kisu nyuma. Kamkuta Mama kwenye kimya chake.

"Anatafuna maneno," kaniambia. "Omba ayameze, wifi yangu. Akiyatema utakoma!"

Tukacheka. Halafu yeye akaacha kucheka. Kasema Mama hana raha hapa, ananuna. Kwake hanuni. (Kwake huwa anakwenda kunywa chai na kurudi!) Mwisho wa mwezi wa tano anahamia nyumba kubwa, atakuja kumchukua. Baba Chiriku kasema tutaona. "Tutaona" ya mume wangu naijua. Ni "ndiyo" iliyovaa koti.

Sitaki aende. Watu wangenicheka, mke analilia kubaki na mama mkwe! Lakini mama yangu alikufa sijamaliza shule. Huyu ndiye aliyenionyesha namna ya kumwogesha Chiriku bila kumwingiza maji masikioni, huku ananigombeza. Akienda, ataenda na kinyongo chake, na mimi nitabaki sijui nilikosa nini.

Ijumaa, 7 Machi

Jamani, jamani.

Dada wa simu kapiga. Ni wa ule utafiti wa hospitali. Kuna daktari wa ubongo anawafuatilia watu waliopigwa na kiharusi baada ya kurudi nyumbani, kila mwezi tunaulizwa. Anakula? Analala? Mkono unasogea? Ameanguka? Mimi kila mwezi: hajaanguka. Tena kwa maringo. Aanguke, mimi nikiwa wapi?

Leo nikaongeza kichekesho. Hajaanguka, dada, ila mjukuu wake kajifunza kumwigiza anavyoninunia, anatafuna hewa na kuchuna gauni! Nikacheka peke yangu. Akasema usikate. Ikaja sauti nyingine, ya mama mtu mzima, taratibu. Daktari mwenyewe! Akiwa hivyo ukimwita anaitika? Haitiki. Ukimgusa? Kama gogo. Akirudi, anakumbuka ulichosema?

Sijawahi kumuuliza. Aliyenuna haulizwi kama anakumbuka.

Kasema nimrekodi kwa simu, nimlete Alhamisi.

Alhamisi, 13 Machi

Hospitali. Nimechoka lakini lazima niandike, nisije nikasahau hata neno.

Daktari ni mfupi, kavaa raba, miwani yake inaning'inia kwa kamba ya kiatu. Wagonjwa wanamwita Mama Umeme. Katazama video. Mama anatafuna, na pembeni Chiriku naye anatafuna, wamekaa kama mapacha. Kacheka sana. Akairudisha mwanzo, mara hii hakucheka.

Kampaka Mama gundi kichwani, akabandika nyaya moja moja. Mama kauliza, "Mnanisuka mtindo gani?" Daktari: "Wa kizamani, Mama. Kioo sikupi." Wakapendana hapo hapo.

Mashine inachora mistari, daktari anaongea ili Mama atulie. Kasema alianza kazi idara ya kiharusi, akiwa msichana mdogo. Mgonjwa akitembea tu, wanashangilia, wanamruhusu, faili linafungwa. Siku moja akarudi mwalimu mmoja aliyemponya mwenyewe, mkono umeungua. Alipoteza fahamu mbele ya jiko. Kwao walisema amerogwa. Daktari akampeleka idara ya kifafa, upande wa pili wa ukumbi. Kule wakasema huyu ni wa kiharusi, mrudisheni. Kiharusi wakasema huyu ni wa kifafa. "Wakamchezea kama mpira," kasema. "Nikaona bora niufuate mpira." Ndiyo kazi yake mpaka leo, kuwatafuta wanaopata kifafa baada ya kiharusi. Makala yake ya kwanza ilirudishwa na wakubwa mara nyingi, akaanza kudhani ina miguu. Sasa zile idara mbili zina mlango mmoja. Tulipita hapo asubuhi. Nilidhani ni mlango tu.

Halafu kasema. Kiharusi kiliacha kovu kichwani kwa Mama, na kovu linatoa cheche. Ni kifafa.

Mama akavimba. "Kifafa! Mimi sijaanguka. Aliyeanguka ni huyu, alimwangukia mwanangu!"

Uso wangu niuweke wapi! Daktari kacheka mpaka miwani ikamtoka puani. Kasema kuna kifafa kisichoangusha. Mtu anatoka kidogo, mwili unabaki umekaa. Sote tunakiita ugonjwa wa kuanguka, na hata yeye swali lake aliliandika hivyo. Watu wakamjibu ukweli mtupu, hajaanguka. Majibu yalikuwa mazuri mno mpaka yakaanza kumnyima usingizi. Nikaomba radhi. Akasema usiniombe, mama. Swali bovu huzaa jibu zuri.

Mama alikuwa kimya. Kimya cha kweli, cha mtu anayefikiri. Akauliza, "Kwa hiyo mimi huwa naondoka?"

"Kidogo tu, na unarudi."

Akanigeukia. Polepole, kila neno kalitafuta: "Mimi nilidhani wewe ndiye unaniachia maneno nusu. Unaanza kusema, mara uko kwingine. Nikasema, huyu ananidharau."

Nimeandika hapo, kalamu imekwama. Wote wawili! Siku zote hizo, kila mmoja anamnunia mwenzake aliyemnunia!

Jumapili, 30 Machi

Dawa zinamlaza. Mama anasinzia na maharage mkononi. Nilipiga simu kwa hofu, daktari kasema ndiyo mwanzo wake, tunapanda ngazi moja moja, nisizikatishe. Chiriku kamfunika bibi yake na taulo la jikoni, kaninyamazisha: "Shii! Bibi kaenda, anarudi."

Jumanne, 15 Aprili

Mama kaamka na ukali wake wote. Chai maji matupu, sakafu ina mchanga, nywele za Chiriku kichaka. Raha iliyoje!

Dada wa simu kapiga. Swali la kuanguka lipo bado, lakini sasa kuna jingine chini yake: kuna wakati anatoka, halafu anarudi? Kasema wamepata wengine, wazee waliodhaniwa wana kiburi, mmoja nyumbani walimwita Mheshimiwa. Daktari anastaafu mwishoni mwa mwaka, na anataka kuwaonyesha madaktari wenzake ile video mkutanoni. Nikamuuliza Mama. Akafikiri. "Waonyeshe. Ila kitambaa changu pale kimekaa upande. Waambie nilikuwa nimetoka."

Jumamosi, 31 Mei

Wifi kafika na gari ya kukodi. Begi la Mama liko mlangoni, yeye mwenyewe kalifunga jana, hakutaka nimsaidie wala hakusema neno. Nimekuja chumbani kusingizia natafuta dawa zake. Dawa ninazo mkononi. Naandika ili nisilie mbele ya watu.

Habari ya kifafa wifi kaelezwa. Kasema ugonjwa ni ugonjwa, wala hanilaumu tena, ila kwake vyumba vinne na kuku wa kufuga. Mimi nina nini? Dirisha. Baba Chiriku kasimama katikati na koti lake la "tutaona". Mwishowe wifi kamuuliza Mama mwenyewe: "Haya Mama, sema wewe. Unataka kukaa wapi?"

Nasikia kutoka huku. Mama hajajibu.

Bado.

Kimya kirefu mno. Ee Mungu, isiwe katoka sasa hivi, mbele ya swali kama hili. Tangu mwezi wa nne hakijamrudia. Niende? Nikienda wifi atasema namtia maneno mdomoni. Chiriku naye kanyamaza, na Chiriku hanyamazi bure.

Anatafuna au anafikiri?

Kakohoa! Ni yeye. Anaita. "Mwanangu!" Nani huyo? Wifi na Baba Chiriku wako mbele yake, walio mbele hawaitwi kwa sauti hiyo. Mimi ananiitaga "wewe." Anaita tena, "Mwanangu, uko wapi, njoo uliondoe hili begi hapa mlangoni, mtoto atajikwaa, ata—