Kisigino cha Kaka na Sufuria ya Mama

Kaka Athumani,

Shikamoo yako nimeiweka kando. Haijapotea, lakini leo sikupi. Najua huko kwenye timu wanakuita Tony, na jina hilo linawatosha. Mimi namwandikia yule mwingine, wa nyumba yetu ya Lanham, aliyelala kitanda cha juu na kuniangushia soksi usoni makusudi.

Unaikumbuka korido yetu, yenye zulia la kahawia? Ulipochaguliwa timu ya shule hukuwa na wa kufanya naye mazoezi nyumbani, ukanisimamisha mwisho wa korido nikiwa nimekumbatia mto wa kochi. Wewe uliinama upande wa pili, mkono mmoja chini.

"Godoro, tayari?"

"Tayari."

Ukaja. Mgongo wangu ukagonga mlango wa bafu na Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Athumani! Huyo ni nduguyo au gunia la nazi?" Ukamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako, kwamba ni godoro. Jina likanibaki, na wala sikulichukia.

Ulinifundisha mpira wa Kimarekani kwa maneno machache. "Kila mtu anamwangalia mwenye mpira. Wewe waangalie wanene wa mbele. Wao ndio wanaomfungulia njia. Yeye anapita tu." Nilishika somo upesi kwa sababu mimi ni mtu wa haya, macho yangu yako chini siku zote. Wengine waliangalia vifua na kofia, mimi niliangalia miguu. Kila ulipotoka kwenye mechi ulikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu na kuniuliza, "Umeonaje?" Nami nilikueleza: hapa ulisimama wima mno, hapa mguu wa kushoto ulichelewa. Ulinisikiliza. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza nimeonaje. Silikatai hilo, na ndilo linalonichoma.

Sasa nikukumbushe siku nyingine, ambayo najua ungependa isikumbukwe.

Timu ya mji ilipokuchukua kwa majaribio, Mama alitangaza kwa kila mtu mpaka wazee anaowahudumia kule kwenye nyumba yao ya kulelewa. Alipika pilau, sufuria kubwa, ile aliyokuja nayo kutoka Tanga, akaifunga kwa kanga. Alikuwa ametoka kazini na hakutaka kuchelewa, kwa hiyo alikuja na sare yake ya bluu. Tulipanda basi, tukabadili, na njia yote sufuria ilikuwa mapajani mwake kama mtoto mchanga.

Mlikuwa mmekaa kwenye nyasi za uwanja wa mazoezi, wewe na wenzako. Walinusa pilau kabla hawajatuona. Mmoja, yule mwenye shingo nyekundu, akakuuliza huyu mama ni nani. Ukamtazama Mama, ukaitazama sare yake. Ukasema, "Anafanya usafi kwenye jengo letu."

"Na msichana?"

"Binti yake."

Mama anajua Kiingereza, Kaka. Alikisikia vizuri. Alichofanya ni kutabasamu na kusema, "Karibuni chakula, sir." Alikuita *sir*. Kisha akawapakulia wote, akakungoja umalize, akaokota sahani za karatasi moja moja kwenye nyasi, kama mtu wa usafi anavyotakiwa kuokota. Mimi nilisimama pale nikiiangalia miguu yenu. Sijawahi kusema mbele za watu, unanijua.

Kwenye basi la kurudi aliniambia, "Mwanangu ameona haya tu. Wenzake ni wageni kwake." Nikamuuliza sufuria iko wapi. Akasema wamebaki nayo, wataileta.

Mpaka leo haijaletwa.

Basi ikaja mechi ile ya kwanza ya kujipima, kabla ya msimu. Bi Rehema, rafiki yake Mama, alikuja kutoka Herndon na sambusa zake, tukakaa mbele ya televisheni. Nakupa hesabu ya mechi kama zamani, maana uliizoea.

Wale wa kikosi cha kwanza walifanya kazi. Upande wa kulia ulisukuma kwa pamoja, mabega chini, miguu haikusimama hata baada ya kugongana. Mbebaji wa mpira alipita katikati yao kama mwenye nyumba anayeingia sebuleni. Wa katikati ni mzuri kuliko wote: anampiga mmoja, anamwachia mwenzake, anamfuata wa pili nyuma. Wa pembeni kushoto ni mvivu, anasukuma mpaka anapoona kamera imehama.

Kipindi cha pili wakaingia wapya, na wewe ukiwa kwenye mstari wa wanene, nafasi ya pili kutoka kushoto. Mama akaziba macho kwa mtandio.

"Niambieni tu," alisema.

Bi Rehema akamwambia. "Yule ni mwanao, au kabati la nguo linaanguka?"

"Rehema!"

"Haya, limeinuka. Aa, limeanguka tena."

Nilicheka. Mbele ya Mama, nilicheka kwa sauti, na utamu wake bado uko mdomoni. Kila mlipotaka kukimbia upande wako, mpinzani aliyesimama mbele yako alikuwa ameshafika kabla hujanyanyua mkono. Mbebaji wenu alikutana naye mlangoni kila mara. Mlipotaka kurusha mpira, mtu yule yule alitulia, akakungoja. Mtangazaji alisema una miguu mizito. Uongo. Miguu yako si mizito. Nilijua tatizo ni nini tangu ulipoanguka mara ya pili, kwa sababu nilishaliona kwenye korido nikiwa nimekumbatia mto.

Keshoye ukapiga simu. Mama akapokea, ukamwambia maneno mawili, ukaomba uzungumze nami. Sauti yako ilikuwa ndogo. Ulisema imebaki mechi moja kabla hawajapunguza watu, na kocha haongei nawe tena. Halafu ukaniuliza.

"Godoro, umeonaje?"

Nikasema, "Nitakuandikia."

Ndiyo barua hii. Na nimeiandika Kiswahili kwa makusudi. Unakisikia, lakini kukisoma hukutaka kujifunza. Jumapili Mama alipotufundisha kwa penseli, wewe ulitoroka dirishani, nikabaki mimi. Nakala moja nimempa Bi Rehema, aisome kwenye kikao cha kina mama. Mama alisema, "Usimwaibishe mwenzio." Nikamjibu kuwa yeye hajafanya la aibu, alipika pilau. Kwa hiyo utakapopata bahasha hii, kila anayejua Kiswahili kutoka Fairfax mpaka Lanham atakuwa ameshaisikia. Ukimwomba Bi Rehema akusomee, atakucheka. Ukimwomba mumewe, atakucheka kwanza halafu atawaita watoto nao wacheke. Wenzako wa kwenye nyasi hawawezi kukusaidia.

Amebaki mtu mmoja tu ambaye hatakucheka, na atakusomea mstari kwa mstari, hata ule mstari wa sare na ule wa sahani. Nataka uusikie kwa sauti yake. Nataka ukae kwenye kochi letu na magoti yako makubwa, usikie Mama akisoma, "Anafanya usafi kwenye jengo letu," na usiwe na kofia ya kujifichia.

Mama, ukifika hapa, simama kidogo. Mwangalie usoni. Kisha endelea.

Kosa lako ni kisigino cha kulia. Mkitaka kukimbia, kinanyanyuka kabla ya mpira kuondoka. Mkitaka kurusha, kinabaki chini. Ndivyo nilivyojua kwenye korido kila mara unakuja lini, nikawahi kukaza mgongo. Yule mtu alikusoma kisigino mechi nzima. Kikandamize chini mara zote mbili, na hakuna atakayekuwahi.

Ningeweza kukaa nalo moyoni, nisikwambie. Nilitaka kukaa nalo, nikuone unarudi na begi lako. Lakini kukuona umefukuzwa kusingenitosha. Nataka ubaki, ucheze, wakuulize tena yule mama wa jukwaani ni nani.

Na sufuria uilete. Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata kama ni chumvi tu ndani. Sijui utatia nini. Huwezi kununua kitu kinachotosha, nimeshafikiria. Lakini itie kitu, ipitishe mlango wa mbele, na umwite kwa jina lake la nyumbani, Mama, kwa sauti, jirani wasikie. Shikamoo yako itakuwa hapo mlangoni.

Mimi mdogo wako,
Godoro