Kwa Leland Prokop, Mwenye Buick ya Matundu Manne

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Septemba ulipotutoka hapa Flint, kahawa yako ikipoa kando ya kitanda, na Mama akidhani umelala tu.

Ulikuwa mtu mwema. Jirani akiharibikiwa na breki ulikuwa chini ya gari lake kabla hajamaliza kueleza. Kiwandani kazi yako ilikuwa kufunga milango ya magari, na hata baada ya kustaafu hukuweza kupita maegesho ya dukani bila kusimama kumsikiliza mtu akibamiza mlango wake. "Ule haujakaa sawa," ulikuwa ukisema, na Mama akikuvuta mkono mkaendelee na safari.

Lakini anayekukumbuka wewe analikumbuka na lile gari. Buick Roadmaster ya mwaka arobaini na tisa, ya kijani kibichi, uliyoachiwa na Babu. Matundu manne kila upande, juu ya madigadi ya mbele. Wenye Buick za bei ya chini walipewa matatu, na wewe hukuacha kulitaja hilo. Ulitufundisha sisi wanao kuhesabu kwa kutia vidole humo. Meno yake ya mbele, zile nondo za grili zinazong'aa, uliyasugua kila Jumamosi, hata Mama akasema yanapigwa mswaki kuliko ya watoto. Barabara zikishamwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, ulilifungia bandani, wala hulitoi mpaka mvua za masika ya huku zioshe lami.

Tungeishia hapo, Baba, kama matangazo mengine ya kumbukumbu yanavyoishia. Mdogo wako Russell hakutupa nafasi hiyo.

Babu aliliandikisha gari kwa majina yenu nyote wawili, na wewe ulipofariki sheria ikamwachia yeye. Hilo hatulibishi. Ila hakuja na sheria. Alikuja wiki iliyofuata mazishi, kofia mkononi, akamwambia Mama, "Shemeji, nipe funguo nikalizungushe kidogo, injini isije ikaganda." Mama akampa, na kipande cha pai ya tufaha juu yake. Gari halikurudi. Simu zikawa hazipokelewi. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita.

Mwezi wa nane yakaja maonyesho ya magari kule mjini, kwenye barabara ya matofali. Mama alisema haendi. Asubuhi akavaa koti lako la michezo akatuambia tumpeleke.

Tulilipita gari lako bila kulijua. Rafiki yako Dwight Amsler, yule wa Oldsmobile, ndiye aliyemshika Mama bega akamwonyesha. Lilikuwa limepigwa rangi ya biringanya na kuteremshwa mpaka tumbo likakaribia kugusa matofali. Lile pambo la juu ya boneti, ile pete uliyokuwa ukichungulia barabara kupitia kwake, halikuwepo. Meno yameng'olewa, mahali pake pamewekwa fito nyembamba. Na matundu yote yamechomelewa na kusawazishwa, bodi laini kama sahani. Baba mdogo Russell alikuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha kukunja, anakula soseji.

Mama alipitisha kiganja kwenye madigadi, polepole, kama anayetafuta uvimbe.

"Russell, matundu yako wapi?"

"Karibu, shemeji. Ndio mtindo huo. Watu wanapenda bodi safi."

"Lilikuwa na uchafu gani?"

"Yale yalikuwa mapambo tu. Hayakupitisha hata upepo."

"Yalipitisha," Dwight akadakia. "Hili lilikuwa la mwanzo wa mwaka, kabla hawajaanza kuyaziba kwa ndani. Leland alikuwa akiushika mkono wangu anautia pale niusikie moto wa injini."

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Najibu tu."

Hershel Tubbs akaiacha Hudson yake akaja, na wengine nyuma yake. Mwanzo walikuwa wanakumbushana, kama walivyokuwa wakifanya Jumamosi mbele ya banda lako. Mmoja akasema ukikaa kwenye usukani, ile pete ilikufanya ujione rubani anayelenga shabaha. Mwingine akakumbuka linavyowashwa: unazungusha ufunguo, unakanyaga pedeli ya mafuta, basi, limeamka. Wakalitaja gari zima, kipande kwa kipande, na kila kipande kilichotajwa hakikuwepo, na sauti zikawa zinapanda.

"Umemng'oa marehemu meno, Russell," akasema Hershel. "Na soseji inashuka tu."

"Rudi kwenye beseni lako, mzee. Hudson ni beseni la kuogea lililopinduliwa."

"Beseni, lakini sikumwibia mjane."

Hapo mwanao Curtis akamsogelea baba yake mdogo na ngumi zimeshakunjwa, dada yake Jolene akamshika mkanda. Tulipogeuka, Mama alikuwa ameshaingia garini, amekaa kwenye usukani, amefunga milango yote kwa ndani.

Msafara wa magari ulikuwa karibu kuanza. Russell akagonga kioo.

"Verna, toka. Gari ni langu kisheria."

"Ni lako. Nami nimekaa."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Nimekuona ulivyokuwa na aibu."

Magari yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, yakimzunguka. Wengine walipunguza mwendo makusudi, wakamtazama Russell bila kumpungia mkono. Yeye akaegemea paa kwa mikono yote miwili, uso umemwiva, na maneno yakamtoka ambayo hatukuwahi kuyasikia.

"Hakuniruhusu kuliendesha. Hata siku moja. Lilikuwa la baba yetu sote wawili. Nikiligusa ananipa kitambaa nifute alama za vidole vyangu. Nimezeeka napewa kitambaa, Verna."

Tulimngoja Mama akukingie kifua, Baba. Akateremsha kioo kidogo.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Alikuwa mchoyo kwa gari hili, na nilimwambia, akanuna. Lakini ungeliendesha sasa, Russell. Ungeliendesha mpaka matairi yaishe, nisingesema neno. Kukata kulikuwa kwa nini?"

"Nilitaka watu waache kuliita gari la Leland."

"Na leo wameliita la nani?"

Russell akawatazama akina Dwight. Akaketi tena kwenye kiti chake, akayashika magoti yake kama mtu aliyeshuka ngazi ndefu.

Mama akamwacha akae hivyo mpaka gari la mwisho la msafara lilipopita. Ndipo akafungua mlango akatoka. Mlango, Baba, ulijifunga nyuma yake kwa ile sauti yako ya mlango uliokaa sawa, huo Russell hakuugusa.

"Vitu ulivyovitoa umevitupa?"

"Viko nyumbani. Nimevifunga kwenye blanketi."

"Kesho uniletee."

Alivileta, hatuna budi kusema. Akaviweka kibarazani akaondoka bila kubisha hodi. Meno yote, ile pete, na yale maduara ya chuma ya matundu. Mama ameviosha, ameviweka kwenye rafu yako bandani, na hasemi neno juu ya jambo hilo. Sisi tunasema. Hatujakanyaga kwa Russell wala hatutakanyaga, na gari lake likipita mtaani kwetu Curtis huingia ndani.

Tangazo hili tulipolimaliza tulimsomea Mama mezani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Jina la Russell liko wapi?"

"Halipo," Jolene akamjibu.

"Liandike."

"Mama, baada ya yale?"

"Aibu zake zote mmeziandika huko juu, mji mzima uzisome. Basi na huku chini awepo. Alilia kaburini kuliko ninyi. Nilimwona."

"Alilia, halafu akaja kuchukua funguo."

"Ndiyo. Andika."

Unakumbukwa daima, Baba, na mkeo Verna, wanao Jolene na Curtis, mkweo Pilar, mjukuu wako Odell, anayeuliza tundu la nne lilikuwa la nini, na rafiki zako Dwight na Hershel.

Na mdogo wako Russell, kwa amri ya Mama.