Kibati Tulichokuzika Nacho

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu toroli lako liegemee ukuta wa stoo na brashi zako zikauke. Nyumba imekuwa kubwa mno kwetu.

Miaka thelathini na minne ulitunza makaburi ya askari wa vita kuu ya kwanza. Kila jiwe uliliosha kwa maji matupu na brashi laini, ukimsalimia mwenyewe: "Koplo, umeamkaje?" Huku nyumbani Mama analalamika, chai inapoa: "Mtu gani huyu! Wafu wa watu anawapangusa kila siku, meza yake mwenyewe ina vumbi!" Nawe ukisimuliwa, unacheka mpaka kofia inadondoka.

Lakini tulijua kilichokuuma. Babu yako hakuwa askari, alikuwa mpagazi. Alibeba masanduku ya risasi hadi homa ikamwangusha, wakamfukia na wenzake nyuma ya ua wa makaburi hayo hayo, bila jiwe wala jina. Kilichorudi nyumbani ni kibati chake cha namba, nawe ukakivaa shingoni maisha yako yote.

Mwisho wa mstari wa mwisho ulimwachia nafasi. Ulichomeka kijiti, ukawa unakata majani yake kwa mkasi. Msimamizi akakuuliza, "Hapa kalala nani?" Ukamjibu, "Bado hajafika. Yuko nje ya ua, anangoja jiwe."

Uliandika barua kumi na moja kwa ofisi ya makaburi kuliombea jina lake mahali. Zote ulizimalizia hivi: "Kibati ninacho, njooni mkione." Namba hukuiandika hata mara moja, ulitaka waje. Ukaidi wako, Baba, jamani!

Jibu lilifika miezi mitatu baada ya kukuzika. Ukuta wa majina ya wapagazi unajengwa, wanaomba namba tu. Nilikaa chini sakafuni. Mimi, binti yako mkubwa, ndiye niliyesema kibati kisivuliwe, uende nacho. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuisoma namba ile. Nililia kuliko siku ya mazishi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nisamehe.

Mdogo wangu akasema hakai bure, akaenda makaburini. Mtunza bustani mpya akampeleka kwenye nafasi ile uliyomwachia Babu, ambayo bado anaikata majani kwa mkasi. "Nilikikuta hiki kijiti," akasema, "nikadhani ni namba ya mstari." Sisi nasi miaka yote tulidhani hivyo hivyo! Tarakimu nne, umezichonga kwa kisu. Ofisi ikafungua daftari lake la zamani: ni yeye.

Jina lake liko ukutani, Baba. Tulikwenda wote Jumapili iliyopita. Lilikuwa bado na vumbi la fundi, nasi tukasimama tunatazamana, nani alipanguse, maana hiyo kazi ilikuwa yako. Mama akafungua mkoba, akatoa brashi yako.

"Babu, umeamkaje?" akasema, akaanza kulipangusa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye hadi leo anamimina vikombe viwili. Mimi binti yako. Mdogo wangu fundi seremala na mkewe. Dada yako uliyekuwa ukimtania kwa kukoroma. Na wajukuu wako wanne.

Daima tutakukumbuka, Baba. Na Babu hatashikwa na vumbi.