Daftari la Maji ya Mto

Mdogo wangu Gwalugano,

Amani ya Bwana ikukute huko Tunduma. Sisi wa Itumba hatujambo, mahindi tumeshavuna, mama anakusalimu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa mchungaji barua hii akuletee.

Wale watafiti wa chuo kikuu wamerudi. Lwitiko anapima maji ya mto kwa vipimo vyake. Mwenzake Jenista kazi yake ni kutusikiliza wanakijiji, na ndiye aliyenipa daftari niandike kila siku rangi na harufu ya maji. Jana waliweka karatasi zao pamoja na daftari langu mezani kwangu. Kila Jumamosi vipimo vinasema maji ni machafu, daftari langu linasema safi.

Lwitiko akacheka, "Mama, kwani Jumamosi huwa unafumba macho?"

Jenista hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Huko juu ya mto Jumamosi kuna nini, mama?"

Unajua kuna nini, mdogo wangu. Ndiyo siku mashine yako ya kumenya kahawa inapomwaga maji yake mtoni. Nilikufichia kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Lakini watoto wa jirani wanaharisha, na ni mimi ninayewafundisha kanisani kwamba uongo ni dhambi.

Nimewaahidi jibu wakirudi. Wanarudi Jumatatu. Njoo kabla, useme mwenyewe. Usipokuja, nitasema mimi.

Jumamosi hii nitakuwa mtoni na daftari langu, nikiomba niandike "safi" bila kudanganya.

Dada yako akupendaye,
Atuganile